Toleo Jipya Lilipofika Mkata

Wanangu, mkija kwangu hapa Manundu mnaniamkia vizuri, mnakunywa chai, halafu mnafungua kompyuta zenu mezani na kuuliza swali ambalo naweza kulitaja kabla hamjafungua mdomo. Toleo jipya la programu ya kujengea maumbo ya majengo kwenye skrini limetoka. Mlichukue, au mbaki na hili mlilolizoea, au mhamie kwenye ile nyingine ya bure? Huwa nawajibu kwa kifupi kwa sababu mna haraka ya kuondoka. Angalieni mashine yenu ina nguvu gani, nawaambia, na msibadilishe programu kazi ikiwa katikati. Mnashukuru, mnaondoka, nami naosha vikombe nikijua kwamba sijawaambia jambo lenyewe.

Lenyewe ni refu, na lina mtu ndani yake.

Mimi sikuanza na kompyuta. Nilianza kama mnakili wa ramani katika chumba cha michoro cha shamba la mkonge, huku huku Korogwe. Mhandisi anachora kwa penseli, sisi wanawake tunanakili kwa wino juu ya karatasi inayopitisha mwanga: roda, shafti, meno ya mashine za kukamulia mkonge. Ukikosea unakwangua wino kwa wembe, polepole, usitoboe. Aliyenifundisha kukwangua ni Mama Neema, mwenyeji wa Dindira, aliyekuwa amekaa pale miaka mingi kabla yangu. Siku ya kwanza nilitoboa karatasi ya mchoro uliokuwa umebakiza mstari mmoja kumalizika. Nilidhani atanifokea. Alivuta kiti, akaniambia, "Usiikasirikie karatasi, mwanangu. Yenyewe haijui kwamba umechoka." Kisha tukaanza upya, yeye upande mmoja wa meza, mimi upande mwingine.

Ulipofika wakati wa kuuza mashamba ya umma, shamba letu likapata mwenyewe mpya, na huyo mwenyewe mpya hakuhitaji chumba cha michoro. Vipuri alivinunua vikiwa tayari. Meza zetu zilizokuwa zimeinamishwa zilinyooshwa zikapelekwa bwalo la chakula. Mama Neema akarudi kwao mlimani kulima chai. Mimi nilibaki mjini na binti yangu Rehema, ambaye baba yake alikuwa ameshafariki, na rula moja ndefu niliyoruhusiwa kuondoka nayo.

Athumani nilimfahamu tangu kule kwenye chumba cha michoro. Alikuwa mchoraji wa ofisi ya ujenzi wilaya ya Handeni, na kwa kuwa sisi tulikuwa na mashine ya kutolea nakala za michoro na wao hawakuwa nayo, alikuwa akija mara kwa mara na michoro ya madarasa na makalvati imekunjwa ndani ya bomba la plastiki. Mtu mrefu, mpole, anayesalimia hadi mfagiaji kwa jina. Naye alipunguzwa kazini. Akaenda Mkata, huko huko Handeni, akafungua duka kando ya barabara kuu: kupiga chapa, kutoa fotokopi, kuuza kalamu na madaftari. Humo dukani akaweka kompyuta iliyotumika, na baada ya muda akanishawishi nami nitafute ya kwangu.

Siku niliyokwenda kuiona kazi yake, alinionyesha gazeti la kompyuta la kigeni, la zamani, lililokuja na mitumba ya vitabu. Kwenye jalada lake lilikuwa limebandikwa sidi, na ndani ya sidi kulikuwa na programu ya kujengea maumbo. Watengenezaji walikuwa wameitoa bure kwa sababu walikwisha kutengeneza nyingine mpya zaidi. Ndivyo ilivyokuwa desturi yao: la zamani wanakupa ulizoee, jipya wanakuuzia.

"Dada Mariamu," aliniambia, "unaujua mpira wa miguu umeshonwaje?"

"Kwa vipande."

"Kila kipande ni bapa, lakini vikishonwa vingi unapata mviringo. Programu hii ndivyo inavyofanya. Vipande vichache, unapata boksi. Ongeza, unapata mpira. Zidisha, mashine inalala."

Hayo ndiyo masomo yote ya poligoni, maana ndivyo vinavyoitwa vipande hivyo, niliyopata. Mengine nilijifunza kwa kuharibu. Nyumba ya kwanza niliyoijenga kwenye mashine ilikuwa na bati lililopinda kila mgongo kama lilivyo bati lenyewe, na mashine ikawa inachukua muda wa kupika maharage kuizungusha mara moja. Athumani alicheka sana. Akanifundisha kuweka bati kama kipande kimoja bapa na kulipaka picha ya migongo juu yake. "Macho ya mteja yatamalizia yenyewe," alisema. Kanuni hiyo bado ni nzuri, hata kwa mashine zenu hizi.

Tukawa tunafanya kazi pamoja, yeye Mkata, mimi Korogwe. Faili tulituma kwa disketi, kwa mkono wa makondakta wa mabasi ya njia kuu. Disketi ya kwanza kondakta aliiweka juu ya boneti ya injini, ikafika imejikunja kama kisamvu kilichokauka. Tangu hapo tukawa tunazifunga ndani ya kopo la maziwa ya unga na pamba pembeni. Yeye alijenga kuta na misingi. Mimi niliezeka, kwa sababu nilikuwa na subira ya kenchi, zile mbao za kubebea paa. Na katika kila faili alificha kuku mmoja mdogo mahali fulani, nyuma ya mlango au juu ya tangi la maji. Nikifungua kazi yake, kabla ya kufanya chochote, namtafuta kuku. Nikimpata nilikuwa nacheka peke yangu, na Rehema anauliza kutoka jikoni, "Mama, unaongea na nani?"

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa josho. Familia za wafugaji wa upande mkavu wa Handeni zilikuwa zimechangishana zijenge josho la kuogeshea ng'ombe, na msemaji wao alikuwa Mzee Loserian. Walikuwa na mchoro wa karatasi, na kila kikao waliahirisha kukubaliana, kwa kuwa kila mmoja aliuelewa kivyake. Athumani alijenga njia na birika la kuogelea, mimi nikaezeka sehemu ya ng'ombe kusimama wakichuruzika maji. Siku ya kuwaonyesha nilikwenda Mkata mwenyewe. Wazee walijaa dukani, fimbo zimeegeshwa mlangoni. Athumani akalizungusha josho lile taratibu kwenye skrini, akaingia ndani yake kama vile ng'ombe anavyoingia.

"Haya maji ni ya wapi?" Mzee Loserian akauliza.

"Ya josho, mzee."

"Maji ya josho si ya buluu. Ng'ombe akiona maji ya buluu atayanywa."

Walicheka wote, na sisi tukacheka. Athumani akayabadili rangi pale pale, akayafanya ya kahawia kama uji wa ulezi. Mzee akasogea karibu, akatazama tena, akasema, "Sasa nimeliona. Jengeni."

Walipoondoka tulibaki dukani tukila chapati alizotuletea mke wake, tukibishana kama nguzo za kona zilikuwa nene mno. Nilikuwa na furaha ambayo siku ile sikuipa jina. Baadaye ndipo nilipojua ilikuwa nini: nilikuwa nimekaa karibu na mtu anayeona ninachokiona. Katika wilaya hizi mbili, kwa kadiri nilivyojua, tulikuwa wawili tu.

Halafu toleo jipya likatoka. Mpwa wake Athumani aliyekuwa akisoma ng'ambo alilinunua kule, maana kutoka hapa kulipia kitu cha nje ilikuwa shughuli isiyofanyika, akalileta likizo. Mimi sikuwa na habari. Disketi ikaja, nikaiingiza, mashine ikanijibu kwamba faili haisomeki. Nikaenda kwenye kibanda cha simu.

"Disketi yako imeharibika njiani," nilimwambia.

"Haijaharibika. Nimehamia toleo jipya."

"Sasa mimi nitafungulia nini?"

"Na wewe lichukue, dada, nitakunakilia. Kona linazilainisha lenyewe. Kivuli linaweka lenyewe. Utafurahi."

"Mashine yangu italibeba?"

Mashine yangu alikuwa anaijua kuliko mimi. "Jaribu tu," akasema.

Nilijaribu, na hapa ndipo penye ushauri mnaoutaka, kwa hiyo sikilizeni. Usipime programu kwa nyumba kubwa, wala kwa vile vitu vya maonyesho wanavyokupa wenyewe. Pima kwa kitu kimoja unachokijua kwa mikono. Mimi nilichagua mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa jikoni kwangu. Ina ubao bapa wa kukalia, ina miguu inayopishana na kukunjika, ina chuma kilichopinda chenye meno kichwani. Ukiweza kuijenga mbuzi, karibu kila kitu utakijenga.

Toleo la zamani liliijenga yote, isipokuwa meno ilibidi niyatoe moja moja. Toleo jipya lililainisha kichwa cha chuma kwa kubonyeza mara moja, kizuri ajabu, halafu mashine ikaganda. Nikaiwasha upya, ikaganda tena. Kulikuwa na programu ya tatu, ya bure, niliyoipata kwenye gazeti jingine. Hiyo ilikuwa nyepesi na ilihifadhi kazi kwa namna ambayo karibu programu yoyote ingeisoma, ila vitufe vyake vilikuwa na mila zao. Kitufe ambacho mkono wangu ulizoea kwamba ni cha kusogeza, humo kilikuwa cha kufuta. Ya nne aliniletea kijana mmoja kutoka Dar kwenye sidi isiyo na maandishi. Hiyo ilikuwa programu ya watu wa sinema, vyumba ndani ya vyumba, na kwa mtu wa kuezeka madarasa ilikuwa sawa na kupewa meli avukie mto Pangani.

Nikapima. Mashine yangu, umeme wetu wa kukatika, kazi nilizokuwa nazo, faili zangu za zamani ambazo zikishaingia kwenye toleo jipya hazirudi nyuma. Nikaamua kubaki na la zamani. Mpaka leo naweza kuutetea uamuzi ule mbele ya yeyote kati yenu.

Lakini kipo kitu ambacho sikukiweka kwenye mizani.

Mwanzoni Athumani alijitahidi. Alinihifadhia kazi kwa ile namna ya kusomwa na programu zote, lakini rangi zilipotea njiani, na kuta nyingine zilifunguka kinyume, ndani ikawa nje, ukitazama nyumba unaona matundu. Nikawa nashinda nazigeuza kipande kwa kipande. Disketi za toleo jipya alizozituma pamoja nazo hazikufunguka kwangu, nikawa naziweka kabatini. Nami nikimtumia yangu, anasema zimefika bila picha za bati. Kazi ya siku moja ikawa ya juma zima. Tukakubaliana kila mmoja achukue wateja wake kwa muda, mpaka mambo yatengemae. Hatukugombana. Simu zikapungua. Makopo ya maziwa yakaanza kubaki kabatini.

Kazi zilikuwepo. Nilijenga jengo la kupimia majani ya chai kwa wakulima wa Dindira, na Mama Neema, ambaye sasa alitembea na mkongojo, aliletwa kuliona kwenye skrini. Alilitazama sana. "Wembe unaweka wapi?" akaniuliza. Nikamwonyesha kitufe cha kurudisha nyuma. Akatikisa kichwa, akasema nimepata bahati. Sikumbishia. Nilijenga darasa la shule ya Mpale, nikajenga na nyumba za watu waliokuwa wanafanya kazi mijini na kutaka kuziona kabla ya kupeleka matofali. Wateja walisema "nzuri," wakaondoka.

Ila wanangu, mtu anayefanya kazi asiyoijua mwingine yeyote hapo alipo ana upweke wa namna yake. Si wa kukosa watu. Majirani nilikuwa nao, kanisani nilikuwa na kwaya. Lakini ukishinda mchana mzima unatafuta kwa nini kona moja ya paa inakataa kufunga, halafu ukaiona, kipande kimoja kimejishona mara mbili, unainua kichwa umwambie mtu, na hakuna wa kumwambia. Rehema nilimweleza mara moja. Akanisikiliza kwa heshima, akasema, "Pole, mama." Jirani yangu aliamini nacheza michezo ya kompyuta, akawa ananionea huruma kwamba sina wajukuu. Baadaye Rehema akaolewa, akahamia Mwanza, na nyumba ikabaki na mimi na feni ya mashine.

Nikaanza kuliwaza upya lile toleo jipya. Nilijiambia ni kwa sababu ya vivuli. Nilijiambia wateja sasa wanataka vioo vinavyong'aa. Nikatafuta mashine nyingine yenye nguvu, nikalipakia toleo jipya, na kitu cha kwanza nilichofanya hakikuwa vivuli wala vioo. Nilizitoa kabatini disketi za Athumani ambazo hazikuwahi kufunguka, nikaziingiza moja baada ya nyingine. Zilifunguka. Kuta, misingi, ngazi, kazi safi. Na kuku walikuwemo. Alikuwa ameendelea kuwaweka, kwenye faili alizojua kwamba sitaweza kuziona.

Basi nikamjengea kitu. Nililijenga duka lake la Mkata: baraza, mbao za dirisha, meza ya kompyuta, hata msumari alikotundika kalenda. Nililifanya kwa toleo jipya, kila kona imelainishwa, kivuli cha asubuhi kimeingia mlangoni. Sikutaka kulituma kwa kondakta. Nilikata tiketi nikaenda.

Dukani hapakuwa na kalamu wala madaftari. Palikuwa na magunia ya mahindi hadi dari, na mbele mizani ya kuning'iniza. Athumani alitoka ndani akipangusa vumbi la pumba kwenye mikono. Alikuwa amenenepa kidogo, na ndevu zimeota mvi. Aliponiona alisimama, kisha akatabasamu.

"Dada Mariamu. Karibu. Karibu sana. Za Korogwe?"

"Nzuri, kaka. Za hapa?"

"Tunamshukuru Mungu."

Akanivutia kiti, akatuma nyumbani niletewe chai. Tukaulizana watoto, tukaulizana mvua. Mwishowe nikauliza kompyuta iko wapi.

"Ile niliiuza," akasema. "Zamani kidogo. Kazi za maumbo niliziacha."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa anatazama mizani. "Nilikuwa nakutumia, unasema haifunguki. Nakutumia, haifunguki. Toleo lenyewe nililichukua nikidhani tutahama wote. Kujenga kitu pale peke yako, dada, hapa Mkata, nani anajua umejenga nini? Mahindi kila mtu anajua ni mahindi."

Nilikuwa nimeshika disketi mkononi ndani ya mkoba. Nikaitoa. Niliona aibu, lakini ningerudi nayo wapi.

"Nimehamia toleo jipya," nikamwambia. "Hili ni duka lako."

Akaipokea, akaigeuza, akakisukuma kile kifuniko chake cha bati kwa kidole, kama tulivyokuwa tukifanya zamani tukiwaza. Hapakuwa na mashine ya kuifungulia. Kwa hiyo nikamsimulia. Nikaanzia barazani, nikaingia mlangoni, nikamweleza mbao za dirisha nilizifanyaje. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Akauliza dari niliishonaje na ukuta. Akauliza poligoni za baraza zilifika ngapi, nikamtajia, akasema nimekuwa mbadhirifu. Kwa muda ule wa kikombe cha chai tulikuwa tena mafundi wawili.

Mteja akaja na pikapu, akamwita. Athumani akaenda kupima magunia. Alipomaliza alirudi hadi nilipokaa.

"Ule upande wa nyuma," akauliza, "kule kwenye uchochoro. Uliufunga au uliuacha wazi?"

Katika kazi hii, wanangu, upande ambao hakuna atakayeuona hatuujengi. Tunauacha wazi, mashine ipumue. Ni yeye aliyenifundisha hivyo.

"Niliuacha wazi," nikasema.

Akafikiri. "Ungeufunga tu, dada."

Akanirudishia disketi, akanisindikiza hadi kituoni. Tukapeana mikono, basi likaja.

Kesho yake, baada ya kufagia uwanja, niliwasha mashine, nikalifungua duka la Mkata na kuligeuza mpaka upande wa uchochoroni. Lilikuwa tupu, unaona hadi ndani. Nikaanza kuushona ule ukuta, kipande kwa kipande, tofali hadi bati. Ilinichukua asubuhi yote. Nilipomaliza nililizungusha mara moja taratibu, pande zote, kisha nikalihifadhi.